Hodi, Fins

Marehemu alikuwa mtu wa kuandikisha.
Chumba cha Salala, miezi mitatu kabla.
Meza ya futari, kwa jina na namba ya simu.
Hata kinyozi alimpigia kwanza.
Risiti alizitia kwenye faili la kijani
na faili likawa na kabati lake.

Mimi leo nimetoka Mabela na hema
lenye bei bado ubavuni, riali kumi na tisa,
Zuwena kwenye usukani, Azzan nyuma
amelalia gunia la makaa.
"Bibi, tumeandikisha wapi?"
Hatukuandikisha. Ufukwe hauna kaunta.

Dibab, magari yamebanana kama tende kwenye kopo.
Mtu kafunga kamba toka jabali hadi gari lake
na juu yake katundika taulo moja,
maana yake: msijisumbue.
Fins, kijana akatuzuia kwa tochi.
"Hapa namshikia ami yangu. Ana watoto tisa."
Ami hajafika. Nafasi yake imekaa,
pana, imefagiliwa, mkeka umeshatandikwa.
Nikaitazama kupita kiasi.
Nami niliwahi kushikiwa kiti.

Saa nne usiku. Njia ya changarawe
inagonganisha meno na vikombe.
Zuwena kanyamaza, kile kimya
cha mtu anayengoja useme turudi.
Sikusema.

Halafu, chini ya genge, hema moja
la rangi ya chungwa, taa ndani,
kivuli cha mtu anajikuna mgongo kwa mwiko.
Pembeni yake, patupu.

Sasa hema linabishwaje hodi?
Halina ubao wa kugonga, halina kengele,
na ukiligusa utamuua mtu kwa hofu.
Nikasimama hatua kumi, viatu mkononi,
nikasema kama tulivyosema Wete
kwenye uwanja wa watu, tukitumwa chumvi:
Hodi.
Bahari ikavuta kokoto zake, ikazirudisha.
Hodi, jamani.
"Karibu!"
Kisha zipu. Kisha kichwa chenye miwani.
"Enhe! Na nyinyi wa wapi?"

Anaitwa Bi Raya, anaendesha basi la skuli, Sur.
Huja peke yake kila mwisho wa mwezi
kwa kuwa watoto wa watu wanamaliza masikio.
Alituangalia tukipigilia vigingi,
kimoja baada ya kimoja, vikichomoka.
Babu yangu vigingi hivyo akiviita mambo.
"Mambo hapa hayashiki," nikamwambia,
naye akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akatuonesha mawe: zungushia kamba, lundika,
usiiamini kokoto hata ikikuapia.
Alitaka nibandue na ile bei.
Nilichoka. Nikaiacha.

Usiku upepo ulilishika hema kama mtu
anayetafuta mfuko wa koti asilolizoea.
Azzan alilala na mguu wake juu ya mama yake.
Na mimi, mwaka na miezi miwili
nikilala ukingoni, upande wangu,
nikaamka alfajiri nimejinyoosha
katikati ya godoro, mikono huku na huku.
Sikusogea. Nilikaa hivyo kidogo,
nikisikia kitu kinatafuna.

Mbuzi. Amekula riali kumi na tisa
na kipande cha mkate, anatutazama
kama sisi ndio tuliochelewa.

Chai haijachemka, gari likashuka gengeni,
matope hadi vioo, vichwa vimejaa madirishani.
Nilihesabu: tisa.
Mwanamume akateremka, kofia imekaa upande,
aliipita nafasi yake gizani mara mbili,
amelala kwenye kituo cha petroli,
na mpwa wake hapokei simu.
Aliona mahema yetu mawili, akasita.
Alikohoa. Akatazama kokoto, akatazama birika.

"Karibu," nikasema, kabla hajauliza.
Bi Raya alikuwa ameshaanza kuokota mawe.